Taswira Isiyo na Sahihi

Mwaka wa 1974, nikiwa kijana wa miaka ishirini na saba, karani wa hesabu mchana na mwanafunzi wa jioni katika masomo ambayo mpaka leo sijayamaliza, nilikuwa na desturi ya kuteremka kila Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Portobello Road, London, ambako wauza vitu vya kale hutandaza bidhaa zao juu ya meza za mbao. Nami nilikwenda bila ya nia ya kununua, maana mshahara wangu haukunipa ruhusa ya kuwa na nia kama hiyo, ila soko lile lilikuwa mahali pekee katika mji ule mkubwa palipofanana na kwetu Lamu, watu wakishikashika vitu vya watu, wakiuliza bei ambazo hawakusudii kuzilipa, na pasiwe na wa kuwafukuza.

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba muuzaji mmoja alinifungulia kiganja chake, na ndani ya kiganja palikuwa na kidani cha dhahabu chenye umbo la yai, urefu wake inchi mbili na robo, na ndani ya kidani sura ya kijana wa Kiingereza mwenye nywele zilizotiwa unga mweupe, koti la buluu lenye ukosi wa kusimama, kitambaa cheupe shingoni, na nyuma yake mbingu ya mawingu. Nilipokigeuza niliona, chini ya kioo, shada la nywele za kahawia zilizosukwa kama ukili, na juu yake herufi mbili za dhahabu, M na H. "Cosway," alisema yule muuzaji, kwa sauti ambayo watu huitumia kumtaja walii wa mji wao. Na alipoona sikushtuka akanitolea, kutoka katika kisanduku cha ngozi cha kidani hicho, kipande cha karatasi kilichokunjwa, ambamo mtu wa zamani aliandika kwa kalamu ya risasi neno lilo hilo. Nikatoa pauni thelathini na tano, ambazo zilizidi ujira wangu wa juma, nikarudi chumbani kwangu kwa miguu.

Msomaji ambaye hakupata kuziona taswira hizi na aelewe kuwa ni picha za watu, ndogo kiasi cha kufichika kiganjani, zilizochorwa kwa rangi za maji zilizochanganywa na gundi ya mgunga. Zilianza katika majumba ya wafalme wa Ulaya katika karne ya 16, zikichorwa juu ya ngozi laini iliyobandikwa aghalabu kwenye karata ya kuchezea, na bwana wa kazi hiyo Uingereza alikuwa Nicholas Hilliard, aliyemsawiri Malkia Elizabeth wa Kwanza. Yapata mwaka wa 1700 bibi mmoja wa Venice, Rosalba Carriera, akaanza kuchora juu ya bamba jembamba la pembe ya ndovu, na tangu hapo ngozi ikaachwa polepole, kwa kuwa pembe ikikwanguliwa na kupaushwa vizuri huruhusu mwanga upenye ndani ya rangi nyepesi na kumrudia mtazamaji, kama unavyomrudia kutoka katika shavu la mtu aliye hai. Ofisa aliyesafiri kwenda Bara Hindi alimwachia mchumba sura yake, na mchumba akampa yake, kila mmoja akafunga safari au subira na mwenzake kifuani. Mpaka ilipotangazwa picha ya mwanga mwaka wa 1839, na katika muda usiotimia miaka thelathini sanaa nzima ikawa ya wachache.

Lugha yetu imetia mambo mawili katika neno moja. Sahihi ni jina ambalo mtu huliandika chini ya kazi yake, na sahihi ni jambo lisilo na kosa. Nami kwa ujana wangu nilidhani haya ni mamoja, kwamba kitu kikitiwa sahihi ndipo kinapokuwa sahihi. Richard Cosway aliniondolea dhana hiyo. Msawiri huyu, mzaliwa wa Devon mwaka wa 1742, ambaye tangu 1785 alikuwa mchoraji mkuu wa Mwanamfalme wa Wales, ni nadra sana kuandika jina lake usoni pa taswira; alipoandika, aliandika nyuma, kwenye karatasi iliyoegemezwa pembe, kwa Kilatini kirefu chenye majivuno kinachotaja cheo chake kwa mwanamfalme. Kwa hiyo taswira yenye jina la Cosway mbele, kwa herufi za wazi, hustahili kutiliwa shaka kuliko isiyoandikwa kitu, kwani wagushi, ambao walikuwa wengi baada ya bei zake kupanda, waliliandika jina mahali ambapo mnunuzi angependa kulisoma. Walikuwako mafundi wenye tabia nyingine: John Smart alitia herufi mbili za jina lake na mwaka, na alipokuwa Madras kati ya 1785 na 1795 akaongeza herufi ya tatu kuonyesha kuwa yuko Hindi. Laiti wote wangalikuwa kama Smart, ningalilala mapema zaidi mwaka ule.

Nilianza kwenda katika maktaba ya sanaa iliyomo ndani ya Makumbusho ya Victoria and Albert, nikisoma kitabu cha Basil Long cha mwaka 1929 na majuzuu mawili ya Daphne Foskett, ambayo wakati huo yalikuwa mapya, kisha nikishuka kutazama taswira zenyewe katika makabati ya vioo, pua yangu ikiwa karibu na kioo kiasi cha kumtia wasiwasi mlinzi. Cosway huyakuza macho ya watu wake kuliko Mungu alivyoyaumba. Nywele huzichora kwa mafungu laini yanayopeperuka kama moshi wa ubani. Na mbingu yake ni ya rangi iliyolowa, inayoonekana imemiminwa. Kijana wangu alikuwa na macho madogo, nywele za mistari mifupi iliyokaza, na mbingu iliyotiwa nukta kwa nukta na mtu mwenye bidii na hofu. Yote hayo niliyaona juma la kwanza. Lakini nilikaa miezi mitatu nikiyatafutia udhuru, nikisema labda ni Cosway wa ujanani, labda alikuwa mgonjwa, labda ni jua limefifisha, kwa kuwa kile kipande cha karatasi kilikuwa kimetangulia kuingia kichwani mwangu kabla ya taswira yenyewe, na aliyetangulia kuketi ni taabu kumwinua.

Katika siku hizo nilimkumbuka mjomba wangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa mshona kofia, zile kofia nyeupe zinazotobolewa matundu madogo kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka duara zima ligeuke bustani ya nukta. Kofia haina sahihi. Hata hivyo siku ya Ijumaa baada ya sala aliketi barazani akiwatazama watu wakipita, akininong'oneza: hii ya fulani wa Langoni, hii ya fulani wa Mkomani, hii ya fulani lakini ukingo ameshonewa na mkewe. Nilipomuuliza aijuaje kazi ya mtu kwa mbali vile, alinijibu, "Mpwa wangu, usitazame ua alilolitunga, maana ua kila mtu huiba. Tazama pale alipochoka."

Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa Mtaliana mmoja, Giovanni Morelli, aliyesomea utabibu na kufariki mwaka wa 1891, aliwaghadhibisha wataalamu wa Ulaya kwa kufundisha jambo hilo hilo: kwamba mchoraji hujihadhari katika macho na midomo, ambako mteja atatazama, ilhali masikio na kucha huziachia mazoea ya mkono, na mazoea hayajui kusema uwongo. Linalonichekesha ni kuwa elimu hii ya kuwafichua wasiojitaja yeye mwenyewe aliitoa kwanza chini ya jina la kubuni, akijifanya Mrusi aitwaye Ivan Lermolieff.

Basi nikaiacha sura na kulitazama sikio. Lilikuwa moja tu, la kushoto, nusu yake imefunikwa na nywele, na ndewe yake ilikuwa imeungwa na taya kwa mstari mmoja wa kahawia uliopinda kama mkia wa panzi. Hakuna Cosway niliyemwona makumbusho mwenye sikio kama lile. Nikamwaga Cosway, na ningetamani kusema kuwa nilikuwa nimepata busara, lakini nilimwaga Cosway nikamwokota George Engleheart kabla mkono haujakauka.

Engleheart alikuwa na jambo la kumvuta karani wa hesabu. Mtu huyu, aliyezaliwa 1750 na kufa 1829, aliweka daftari la wateja na malipo yao, na hesabu ya daftari hilo ni taswira 4,853 kati ya mwaka 1775 na 1813, yaani zaidi ya mia moja na ishirini kwa mwaka, kwa miaka thelathini na tisa, bila ya taa ya umeme. Na majina hayo yalichapwa katika kitabu mwaka 1902, ambacho maktaba ilikuwa nacho. Kijana wangu alikuwa na herufi M na H. Zama zake nilikuwa nimeziweka vizuri: unga wa nywele ulitozwa kodi ya gini moja kwa mwaka tangu 1795, na vijana wakaanza kuuacha, na ukosi wa koti ulikuwa wa kimo kinachoelekea miaka hiyo. Nikaketi na orodha jioni nne, na wenye herufi H, kama mtu angeweza kutabiri katika majina elfu nne na mia nane, hawakukosekana. Nikamchagua mmoja kwa sababu hakuwa na la kunipinga. Nikampa ndugu, nikampa shamba, nikampa mchumba aliyesuka nywele zake.

Hayo ndiyo makosa ambayo mpaka leo nikiyakumbuka uso hunipata moto, kwani sikujiuliza maswali ambayo mtoto angeuliza. Herufi za nyuma ya kidani huweza kuwa za aliyechorwa, au za aliyepewa zawadi, au za maiti ambaye nywele zake zinakumbukwa. Na kidani chenyewe hufunguka, hivyo katika karne mbili taswira huhama nyumba kama kaa mtawa. Isitoshe, Engleheart alipenda kutia herufi E pembezoni, na vivuli vyake kwenye pembe za mdomo ni vya kijivu, ilhali vya kijana wangu vilikuwa vyekundu. Hili la vivuli nalo nililiona mapema, nikalizuia mlangoni.

Usiku mmoja wa mvua, kwa kuwa kioo cha mbele kilikuwa kimeota ukungu kwa ndani, ugonjwa unaovipata vioo vya kale, nilikifungua kidani kwa ncha ya kisu cha kumenyea matunda, nikaitoa taswira, nikaiweka juu ya leso, nikakipangusa kioo kwa kitambaa chenye unyevu. Tone moja liliponyoka. Liliangukia juu ya bega la kushoto, pale ambapo mbingu hukutana na koti, nami kwa fazaa nikalifuta kwa kidole. Na rangi ya maji, hata ikiwa na umri wa miaka mia na themanini, huendelea kuwa rangi ya maji. Buluu ilitoka ikabaki kwenye kidole changu. Nilikaa kitandani nikikitazama kidole kile kwa muda mrefu, na nilipokwenda kukinawa niliona haya, kana kwamba nanawa ushahidi.

Lakini katika doa lile, la ukubwa wa punje ya mtama, pembe ilionekana tupu, na nyuma ya pembe nikakuta imeegemezwa karata, saba ya kopa iliyokatwa kwa mkasi. Nikaisahau karata nikashikwa na pembe. Moyo wangu, ambao haukuwa umejifunza kitu, ukaanza kutunga: ndovu aliyeanguka huko nyuma ya Mombasa, pembe ikapimwa kwa frasila, ikapakiwa jahazini, ikavuka bahari, ikafika London kabla yangu. Kisa hicho niliwasimulia jamaa zangu wa pwani tuliokuwa tukikutana kwa chai siku za Jumapili, nao walikipenda kuliko taswira yenyewe, mpaka mzee mmoja wa Kikachi ambaye jadi zake walifanya biashara Unguja aliponiuliza kwa upole kijana huyu alichorwa lini.

"Kabla ya mwaka 1795, mzee."

"Basi, mwanangu, zama hizo pembe za kwenu zilikuwa zikija kwetu, Kutch na Surat, zikawa bangili za maharusi. Waingereza pembe zao walizitoa zaidi Afrika ya magharibi. Wa kwenu ni wa baadaye, alipokuwako Seyyid Said."

Alisema kweli: Seyyid Said aliandikiana mkataba na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839, na hapo ndipo pembe za Unguja ziliposhamiri katika masoko ya watu hao. Nilikuwa nimempa ndovu kabila kama nilivyompa kijana jina, na kwa sababu ile ile, kwamba nilitaka kuwa na sehemu katika kitu nilichokinunua.

Nilikipeleka kidani makumbusho, nikapokewa na bibi mmoja mwenye elimu hiyo, mpole, mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa kwenye utepe shingoni. Nilimwuliza hii ni ya nani. Alinijibu kuwa nimeanza na swali la nne. Akauliza la kwanza, imechorwa juu ya nini na kwa kitu gani. La pili, lini. La tatu, wapi. Na kila swali alilijibu mwenyewe kwa kuitazama taswira, akiigeuza chini ya taa kama mtu anayemsikiliza mgeni mwenye lafudhi ngumu. Alipofika la nne alinirudishia. Mkono huu, alisema, haukufunzwa London: kichwa ni kikubwa kuliko mabega, na mbingu ni ya mtu aliyeziona mbingu za Cosway na kuziiga kwa kumbukumbu, huenda ni mmoja wa wachoraji waliohama mji hadi mji, wakipanga chumba kwa majuma machache na kutangaza bei zao katika gazeti la pale, na wengi wao hawakuwa na haja ya kutia sahihi, kwa kuwa aliyelipa alijua amemlipa nani. Kisha akaonyesha sikio kwa ncha ya penseli. "Hili nalipenda," alisema. "Likumbuke hili." Kuhusu doa hakusema neno, na sikuweza kujua kama hakuliona au alinisitiri.

Baada ya hapo nilianza kuzisoma orodha za minada kwa jicho jingine. Waingereza wamejitungia ngazi ya nasaba ambayo mtu wa pwani huielewa upesi: jina kamili la msawiri ni mtoto halali, "yanasibishwa na fulani" ni mtoto ambaye baba hajakiri wala hajakana, "wa mzunguko wa fulani" ni mtoto wa jirani, "wa nyayo za fulani" ni mgeni anayeiga mwendo wake, na "baada ya fulani" ni nakala tu, kivuli cha mwenye nyumba. Tofauti ya ngazi moja ni tofauti ya mali, ndiyo sababu kila taswira njema isiyo na mwenyewe husukumwa juu. Sisi wenyewe hatujasalimika. Shairi la Kimvita lenye makali na mzaha, likikosa mtunzi, hupewa Muyaka bin Haji, ambaye amekufa tangu 1840 na hawezi kulirudisha. Na tungo za kale zenye upinde na msitu hupewa Liyongo, kama kwamba watu wengine wote wa zama hizo walikuwa mabubu. Tunafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kila tunapomwongezea Liyongo shairi, kuna maskini mmoja wa Pate au wa Siu tunayemnyang'anya lake, na huyo hana wa kumtetea.

Mwaka wa 1983, katika siku ya maonyesho kabla ya mnada mmoja London, nilimwona bibi wa nguo nyeupe ya melimeli, nywele za unga, mbingu ya nukta nyuma yake. Orodha ilimwita kazi ya Kiingereza, yapata 1790, bila ya jina. Niliomba kioo cha kukuzia. Ndewe ya sikio iliungwa na taya kwa mstari mmoja wa kahawia uliopinda kama mkia wa panzi. Vivuli vya pembe za mdomo vilikuwa vyekundu. Kichwa kikubwa, mabega membamba. Miguu yangu ililegea kama ya mtu aliyekutana katika mji wa ugenini na ndugu ya rafiki yake. Bwana mmoja aliyesimama karibu, akiona hali yangu, aliniuliza kama namfahamu huyo bibi.

"Yeye simfahamu," nilisema. "Namfahamu aliyemchora."

"Ni nani?"

"Jina lake silijui."

Alinitazama, akasogea mbele kidogo. Siku ya mnada sikuwa na fedha za kushindana, na bibi yule alikwenda kwa mtu mwingine. Tangu hapo nimetazama maelfu ya masikio, na la tatu sijalipata.

Sasa ni mzee, na binti yangu, ambaye ndiye atakayerithi, aliniuliza mwaka juzi kama kitu cha pembe ni halali kuwa nacho. Nikamweleza kuwa sheria ya pembe ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, imezisamehe taswira ndogo zilizofanywa kabla ya 1918 zisizozidi eneo la sentimita mraba 320, ila mwenye kutaka kuuza lazima aisajili kwanza. Nayo sheria inauliza umri na ukubwa, jina la aliyechora haina haja nalo. Akacheka, kwa kuwa amekulia katika nyumba ambamo jina hilo limetafutwa kuliko mume wake alivyotafutwa. Akanitaka niandike ninayoyajua, asije akaulizwa akakosa jawabu.

Ile karatasi ya kalamu ya risasi yenye neno Cosway ingali katika kisanduku cha ngozi, maana nayo imo katika historia ya kitu hiki, na sikuona ni haki kuitupa. Chini yake nimeweka yangu, kwa wino. Nimeandika: Uingereza, nje ya London, kabla ya 1795 au karibu yake, rangi za maji juu ya pembe, imeegemezwa saba ya kopa, herufi M na H, hazijathibitika ni za nani, mkono ule ule wa bibi wa nguo nyeupe, London, 1983, tazama sikio. Kisha nikaacha mstari mmoja mtupu, nikaandika chini yake: doa la bega la kushoto ni langu, 1975, nikatia sahihi.